Bado Vifungo Tu

Kutoka kwa Fundi Cherehani,
Kona ya Tangi la Maji.

Kwenda kwa Mwalimu Mkuu,
Shule ya Msingi iliyo ng'ambo ya barabara yangu.

KUHUSU: KUOMBA WATOTO WAPUNGUZIWE KIDOGO KUSOMA NA KUANDIKA

Ndugu Mwalimu Mkuu,

Pokea salamu za mtu aliyefunga mlango wa kibanda chake mchana kweupe ili apate utulivu wa kukuandikia. Natumaini u mzima, walimu wako wazima, na ile kengele iliyopasuka bado inalia. Mimi mwili hauna shida. Shida iko kwingine, na nitaieleza kwa adabu zote, kwa sababu wewe ni mwalimu na mimi ni mzazi, na pia kwa sababu wewe ni mteja wangu.

Naomba nieleweke tangu mwanzo kwamba mimi si adui wa elimu. Ni mimi niliyemleta binti yangu shuleni kwako siku ya kwanza nikiwa nimemshika mkono, yeye analia na mimi nalia. Unamfahamu, yuko darasa la tatu, ni yule mwembamba ambaye mtaa mzima unamwita Sindano kwa kuwa macho yake ni makali, hakuna kitu kinachompita. Nilitaka ajue kusoma. Nilidhani atasoma vitabu. Hakuna aliyenitahadharisha kwamba mtoto akishajua kusoma atasoma na mambo mengine.

Tangu muhula huu uanze, mwalimu wa darasa la tatu, yule kijana wa miwani anayetembea kama amechelewa basi, ameleta utaratibu anaouita Ukuta wa Maneno. Kila mtoto anatakiwa aje asubuhi na sentensi moja ya kweli, jambo aliloliona au kulisikia jana yake, ameiandika kwa mkono wake mwenyewe. Sentensi hizo zinabandikwa kwenye ukuta wa nje, kando ya geti, pale pale wazazi wanaposimama kusubiri watoto. Tuliambiwa kikaoni kwamba nia ni kuamsha hamu ya watoto kusoma na kuandika. Mwalimu, hamu imeamka. Imeamka, imenawa uso, na kila siku baada ya masomo inakuja kushinda kibandani kwangu.

Malalamiko yangu ni haya.

1. La kwanza ni kutangaziwa maneno yangu ya kazi. Utaratibu huo ulikuwa haujamaliza hata wiki nilipopita getini nikakuta watu wamejazana, wanasoma na kushikana mabega kwa kicheko. Nikajipenyeza. Nikakuta mwandiko ninaoujua. Ulisema hivi: "Jana Baba alimwambia mteja bado vifungo tu. Kitambaa hakijakatwa." Chini yake palichorwa kitambaa kikiwa kimekunjwa vizuri, kingali ndani ya mfuko wa dukani.

Kila neno pale ni la kweli, na hilo ndilo ninalolalamikia. Nikimwambia mteja bado vifungo tu, simpi taarifa, ninamtunza. Mtu ametoka kwake na jua lote hili, miguu inamuuma, ana matumaini yake. Nimwambie kitambaa chake sijakigusa? Nina roho gani mimi? Namwambia bado vifungo, anatabasamu, anakaa kwenye benchi, tunapiga soga, anaondoka na amani yake. Hata wewe ukiulizwa habari za nyumbani unajibu nzuri, na hakuna mtoto anayetumwa kwako kwenda kukagua. Basi hiyo ni salamu yetu sisi mafundi, na ilikuwa salamu njema kabla kijana huyu wa miwani hajazaliwa.

Vivyo hivyo neno Ijumaa. Watoto wenu wanaliandika kana kwamba ni siku moja. Kwa fundi iko Ijumaa ya kumtuliza mteja, iko Ijumaa ya kuja kujaribisha, iko Ijumaa ya kuja kuulizia, halafu iko ile Ijumaa yenyewe, ambayo mara nyingi huangukia Jumanne. Haya ni mambo ya sauti. Mteja mzoefu akinisikiliza anajua ni Ijumaa ipi. Ukiyaandika kwa penseli yote yanafanana, na mimi ndiye ninayeonekana mwongo.

2. Juu ya mlango wangu kuna kibao kizuri kilichochorwa na mchora vibao hodari. Kinasema KAZI NZURI KWA WAKATI. Miaka yote hiyo kilikaa pale kama pambo na hakikumsumbua mtu. Sasa darasa zima la tatu likitoka shule linasimama mbele yangu na kukisoma kwa pamoja, silabi kwa silabi, ka-zi nzu-ri kwa wa-ka-ti. Wakifika mwisho wanageuka kuwatazama wateja waliokaa kwenye benchi, na wateja wanageuka kunitazama mimi. Nilijaribu kutundika koti la mtu juu ya kibao. Kesho yake ukutani pakasomeka: "Koti limefunika wakati." Mwandishi ni mtoto wa fundi viatu, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na mwalimu wake amempa nyota.

3. Mimi nina utaratibu wangu. Kila kitambaa nakibana kwa pini karatasi yenye jina la mwenyewe na siku tuliyoahidiana, kisha nakipandisha kwenye rafu. Utaratibu huo haujawahi kumdhuru mtu, maana rafu iko juu na karatasi zinatazama ukutani. Juzi juzi Sindano alipanda kwenye kigoda akazigeuza zote zitazame nje. Nilipomuuliza anafanya nini akasema anataka zisomeke.

Chini kabisa ya lundo ilikuwako kaptula ya sare ya mtoto aliyekuwa anajiandaa kuanza darasa la kwanza. Mwenyewe alikuwapo, amesimama mlangoni na wenzake wa darasa la nne. Akaisoma ile karatasi taratibu, kwa sauti nzuri kabisa, akasema jamani, hiyo si yangu? Mwalimu Mkuu, mtoto huyo nilipompima alikuwa hajui hata irabu! Kaptula haikuchelewa, ni nyinyi mliofundisha haraka mno. Mngekwenda mwendo wa wastani asingelijua jina lake, na mambo yangepita salama. Alijaribu kuivaa, ikagoma pale ambapo sitaki kupaandika. Wenzake wakacheka, wateja wakacheka, yeye mwenyewe akacheka, mwisho akaivaa kichwani akaenda nayo kwao.

4. Ukuta unanichelewesha kazini. Nisipoenda kuusoma kila asubuhi nitajuaje nimeandikwa nini? Basi naenda. Na nikishafika siwezi kusoma la kwangu tu nikaondoka, macho hayana breki. Nasoma kwamba fundi viatu alimwambia mkewe anaumwa mgongo, kisha akaenda kucheza mpira. Nasoma kwamba muuza maziwa anamwogopa bata. Nasoma kwamba bibi wa mtoto fulani akilala husema ongeza chumvi. Yuko mtoto mmoja, simjui ni wa nani, ambaye kila siku anaandika habari za paka wa jirani yao, kipande kwa kipande, na majuzi alituacha paka akiwa juu ya paa na mvua inaanza. Nilishinda siku nzima roho juu. Nilishona mfuko wa shati mgongoni.

Kwa hiyo kibanda nakifungua jua limeshapanda. Nikiwaambia wateja nimechelewa kwa sababu nilikuwa nasoma, wanasema hata wao wametoka huko huko. Naomba ieleweke kwamba kuchelewa kwa kazi zangu za mwezi huu ni kosa la shule.

5. Mwalimu wa darasa la tatu alitangaza kwamba mtu mzima asiyeridhika na sentensi yoyote anaruhusiwa kujibu, mradi ajibu kwa maandishi na jibu libandikwe pale pale. Nikaona hapo ndipo pa kujitetea. Nikaketi, nikaandika jibu zito la kumnyamazisha kila mtu. Kesho yake nikalikuta limesahihishwa. Nilipewa nyota moja, na pembeni pameandikwa kwa wino wa kijani: "Hoja ni nzuri, ongeza mifano." Mimi, mtu mzima mwenye ndevu! Nikaliandika upya nikiwa na hasira, nikaongeza mifano, nikapewa nyota tatu. Karatasi hiyo ya nyota tatu nimeitundika kibandani karibu na kioo, lakini hilo halihusiani na malalamiko yangu.

6. Hili nimelifuta. Mke wangu amelisoma akasema tutalizungumza nyumbani.

7. Mama mmoja aliniletea kitambaa cha gauni la kuvaa kwenye harusi ya binti yake. Siku moja kabla ya harusi akaja kulichukua. Gauni lilikuwa limetoka vizuri, nalisema bila aibu, ila lilikuwa na mkono mmoja. Nikamweleza kwa upole kwamba umeme ulikatika. Sababu hii ya umeme imenitumikia miaka na miaka na hakuna mtu aliyewahi kuikataa, kwa sababu hakuna mtu asiyeujua umeme. Mama akaguna, akaanza kuulaumu, nami nikamsaidia kuulaumu, tukawa tunakwenda vizuri kabisa.

Sindano alikuwa kwenye kona yake anafanya kazi ya shule. Hakufungua mdomo. Nimemlea vizuri, hawezi kumbishia mzazi mbele ya mgeni. Aliandika tu. Yule mama, kwa kuwa ni mtu wa watu, akainama kumuuliza, mwanangu, unaandika nini? Akageuziwa daftari. Akasoma kwa sauti: "Cherehani ya Baba inakanyagwa kwa miguu."

Lo! Mama akaitazama cherehani. Akatazama kanyagio. Akaitazama miguu yangu iliyokuwa juu ya kanyagio. Akageuka akaitazama na pasi, ambayo ni ya mkaa. Kisha akavuta kigoda, akaweka mkoba mapajani, akasema haya fundi, nausubiri mkono wangu. Nikaushona nikitazamwa, jasho linanitoka, na ulikamilika kabla chai niliyomwagizia haijapoa. Alifurahi akaniombea dua, halafu akaenda kuwaambia wenzake siri aliyoigundua, kwamba ukikaa ukamtazama fundi, kazi inakwisha. Sasa benchi langu halitoshi. Wanakuja na viti vyao.

8. Usidhani nalia peke yangu. Fundi viatu alikuwa na neno lake, gundi haijakauka. Seremala alikuwa na lake, mbao ziko njiani. Fundi bomba akipigiwa simu alikuwa anasema nipo hapo karibu, nafika sasa hivi, naye yuko kwake anakula. Maneno yote hayo yapo ukutani, na la fundi bomba limechorewa hata sahani. Tuliitisha kikao cha dharura kibandani kwangu, tukapitisha kwa kauli moja kwamba tuandike barua nzito ya pamoja, na kila fundi alete kipande chake Ijumaa. Mpaka leo hakuna aliyeleta. Ndiyo maana nakuandikia peke yangu.

Tena hebu tazama mbele kidogo, Mwalimu. Watoto hawa watakua. Watakuwa wakubwa wa maofisi, wauguzi, wajenzi wa barabara, wote wamezoea kuandika kilichosemwa na kusoma kilichoandikwa. Barabara ikisemwa itakwisha mwezi fulani, itabidi iishe kweli. Mkubwa akisema suala lako tunalishughulikia, atainuka mmoja wa wanafunzi wako na kalamu yake amuulize lini, saa ngapi. Kila kitu kitakuwa tayari siku yake. Sasa watu watakaa wapi? Watazungumza lini? Kwenye benchi langu, kwa kusubiri tu, majirani walionuniana miaka wamepatana, vijana wawili wameoana, na mzee mmoja amejifunza kufuma. Mkiondoa kusubiri mmeondoa ujirani. Nchi nzima itabaki imevaa vizuri, haina wa kumsalimia.

9. Nyumbani nako si shwari. Zamani mke wangu alikuwa anasema hana muda wa kusoma. Sasa kila jioni anakaa na Sindano, wanapokezana kusoma kitabu walichoazima kwenye lile sanduku la vitabu la shule, na mimi naambiwa ninyamaze kwa sababu wamefika pazuri. Nikiuliza pazuri wapi, naambiwa nisome mwenyewe. (Nimesoma. Ni kweli ni pazuri.) Na ile kalenda ya jikoni, ambayo tuliinunua kwa ajili ya picha ya maporomoko ya maji, imejaa mwandiko wake kwa wino mwekundu: "Amesema ataziba bati." "Amesema ataziba bati." "Amesema ataziba bati." Bati lenyewe linavuja juu ya kalenda hiyo hiyo, wino umeanza kuchuruzika, lakini kwa bahati mbaya bado unasomeka.

10. Yote hayo ningeyameza. Yamenifika shingoni kwa sababu ya hili la Jumamosi.

Jumamosi hii ni Siku ya Wasomaji. Wazazi wote wataketi uwanjani, na watoto watatu waliochaguliwa watapanda jukwaani kusoma insha zao kwa kipaza sauti. Mwanangu ni mmoja wao. Insha yake inaitwa "Baba Yangu Fundi". Hajanionyesha. Kila nikimuuliza imeandikwa nini anacheka tu, anasema utasikia, Baba.

Mwalimu, wazazi wote hao ni wateja wangu. Watakaokaa mbele nina vitambaa vyao, na watakaokaa nyuma nina vitambaa vyao. Wewe mwenyewe utakayefungua shughuli nina suti yako ya kijivu, ambayo, nikuhakikishie, bado vifungo tu. Ng'ambo ya soko limefunguliwa duka jipya la kushona lenye mlango wa kioo, na nasikia ukipeleka kitambaa wanakupa karatasi iliyopigwa chapa siku na saa ya kuchukua. Insha moja tu, hata ya nusu ukurasa, ikisomwa vizuri pale uwanjani, nimekwisha habari yangu.

Ila nikuambie lililo moyoni, maana nimeshaandika mengi na hili siwezi kulificha. Wateja wakinicheka nitacheka nao, nimezoea. Ninaloogopa ni jingine. Naogopa kumwona mwanangu amesimama pale juu, amevaa gauni nililomshonea kwa mikono yangu, anawaambia watu baba yake ni mtu wa namna gani. Mtu mwingine yeyote akinisema, ninalo la kujibu. Yeye akinisema sina. Chakula hakipiti vizuri wiki hii, Mwalimu, na mtoto mwenyewe anaimbaimba tu nyumba nzima.

Kutokana na hayo naomba, kwa unyenyekevu mkubwa, ufanye yafuatayo. Ukuta wa Maneno uhamishiwe nyuma ya vyoo, utazame miti. Watoto waandike habari za simba, sungura na wafalme, ambao hawajawahi kuleta kitambaa kwangu. Penseli zote zikusanywe Alhamisi jioni na zirudishwe Jumatatu. Mwalimu wa darasa la tatu apewe likizo ndefu ya heshima, au apandishwe cheo hadi mahali pasipo na watoto. Na kuhusu Jumamosi, Sindano asome insha yake ya mwaka jana, ile ya "Faida za Ng'ombe", ambayo niliisikiliza mwanzo hadi mwisho na haikumuumiza mtu.

Najua utalipima jambo hili kama mzazi kabla ya kulipima kama mwalimu. Nisalimie walimu wote, wa zamu na wasio wa zamu. Msalimie mpishi wa shule, na mlinzi wa geti anayefanya kazi kubwa ya kuwapanga watu foleni pale ukutani. Wasalimie watoto wote, hata huyo wa fundi viatu. Na yule wa paka aambiwe tafadhali asikae kimya, watu tunaumia huku.

Ni mimi, mzazi mwenye heshima nyingi na usingizi kidogo,

Fundi Cherehani,
Baba yake Sindano.

Nyongeza: Mwalimu, tafadhali usifanye hata moja kati ya hayo niliyoyaomba.

Nilikuwa naikunja barua hii Sindano aliporudi kutoka shule akaniomba nimsikilize afanye mazoezi. Nilitaka kusingizia kazi, lakini mama yake alikuwa ameshakaa. Mtoto akapanda juu ya benchi la wateja, akakohoa kidogo, akaanza kusoma. Haki ya Mungu, yote yamo! Hakuniachia hata pembe moja ya kujificha. Mwanzoni nilikuwa nimeshika mkasi, nikaona niuweke chini kwa usalama wa watu wote, kwa sababu mama yake alikuwa ameinamia meza mbavu hana, na mimi machozi ya kicheko yalikuwa yananitiririka mpaka kwenye kitambaa cha mtu. Sikujua kama mimi ni mtu wa kuchekesha kiasi hicho. Halafu akafika mwisho, akasoma hivi: "Baba husema Ijumaa kwa sababu hapendi kumwona mtu akiondoka na huzuni."

Hapo sikucheka. Mimi nimehangaika kurasa zote hizi kujitetea, na yeye amenitetea kwa mstari mmoja. Nililia, Mwalimu, naandika wazi, na aliponiuliza Baba umekasirika nikamvuta tu nikamkumbatia na karatasi yake.

Ila nilipokwisha kufuta machozi nilimwambia kwamba kuna mahali amelipua kazi. Alipofika kwenye majoho ya kwaya niliyoyachelewesha, ameandika tu, "Kiongozi wa kwaya alikasirika." Nikamwambia hapana, mwanangu, kukasirika kila mtu anaweza. Yule bwana alisimama mlangoni kwangu akaanza kuyadai majoho yake kwa kuimba, na kwaya nzima ikamwitikia kutoka barabarani, kila sauti mahali pake, mpaka wapita njia wakadhani ni ibada wakavua kofia. Aandike hivyo. Na aandike kwamba mimi nilikuwa nimejificha chini ya meza, wakafika pale pa besi nikashindwa kujizuia, nikaitikia. Sindano alicheka mpaka akakaa chini, akasema Baba, mbona hukuniambia mapema? Tumekaa wote watatu tukakigeuzageuza kipande hicho, mama yake akiongeza, mimi nikipunguza, hadi kikakaa sawa. Sijawahi kuona raha ya kuandika namna hiyo.

Barua hii nilitaka kuichana. Lakini nilisema nitaimaliza leo na nimeimaliza leo, kwa hiyo naona niitume hivyo hivyo.

Ombi langu limebaki moja. Sauti yake ni ndogo, mteremshieni kipaza sauti kimfikie mdomoni. Na mwalimu wake wa miwani amkumbushe, akifika pale kwaya inapoitikia, asikimbilie mstari unaofuata, maana akifurahi huwa anaharakisha. Asimame kidogo. Awaache watu wacheke kwanza.